Kila uvimbe una jina lake

Lugha ya Kiswahili haijapata kukosa majina ya vitu vinavyochipuka katika mwili wa binadamu bila kutarajiwa. Kinachoota kwenye ukingo wa kope tunakiita chokea. Kinachoota juu ya ngozi ya kidole bila kuuma ni chunjua. Kinachojaa usaha ni jipu. Tezi ya kinena ikifura kwa sababu ya kidonda cha mguuni, tunasema mtu huyo ana mtoki. Ya shingoni ikitokeza na kuning'inia, tunasema ana rovu. Kila kimoja kina jina lake, na jina hilo humfahamisha msikilizaji papo hapo kama ni jambo la kuchekea, la kukanda kwa maji moto au la kupeleka hospitalini. Sijapata kusikia mtu aliyeandika wasia kwa kuwa ameota chunjua.

Ustadi huo wa kutaja, hata hivyo, hukomea pale macho yalipokomea. Waliotuachia lugha hii walivipa majina walivyoviona na kuvigusa. Kilichojificha katikati ya kifua, nyuma ya moyo, hawakukiona wala hawakuwa na haja ya kukiita kwa jina. Sisi tunakiona. Mnamo mwaka wa 2015 Serikali ya Kenya ilianzisha mpango wa kukodisha mitambo ya matibabu kwa ajili ya hospitali za kaunti, ikiwamo mitambo ya kupigia picha za ndani ya mwili, nazo hospitali nyingi za binafsi mijini zina mitambo yake. Mpango huo wa serikali ulizua mabishano makali kuhusu gharama, nami sina nia ya kuyafufua hapa. Ninalotaka kulidokeza ni tokeo lisilozungumzwa sana: kadiri picha zinavyoongezeka, ndivyo yanavyoongezeka mambo yanayoonekana bila kutafutwa. Mtu huenda kupigwa picha kwa ajili ya kikohozi, akarudi nyumbani na habari za umio.

Neno umio lenyewe lataka kuelezwa, maana wengi wetu tumelizika chini ya neno koo. Koo ni ile sehemu ya nyuma ya kinywa inayotuwasha tunaposhikwa na mafua. Umio ni mrija wa misuli unaoanzia hapo, ukashuka nyuma ya bomba la pumzi, ukapita nyuma ya moyo, ukapenya ule msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo, kisha ukaishia kwenye tumbo la chakula. Kwa mtu mzima urefu wake ni kama sentimita 25. Chakula hakiporomoki humo kama jiwe kisimani. Husukumwa na misuli ya mrija wenyewe, ndiyo maana mtu huweza kumeza hata akiwa amelala. Katika mazungumzo yetu ya kila siku maradhi ya koo na maradhi ya umio hutiwa katika kapu moja, na hapo ndipo mkanganyiko wa kwanza unapozaliwa.

Hofu ya Wakenya kuhusu sehemu hiyo ya mwili haikuzuka bure. Saratani ya umio ni miongoni mwa saratani zinazoua watu wengi zaidi nchini. Kenya imo katika ukanda unaoanzia Ethiopia hadi Afrika Kusini, ambamo maradhi haya yameenea kuliko katika sehemu nyingi za dunia. Hospitali ya Tenwek katika Kaunti ya Bomet imejulikana kwa miaka mingi kwa kuwahudumia wagonjwa wasioweza tena kumeza, kwa kuwatia mirija ya nyaya za chuma inayoupanua umio ili walau uji upite. Baadhi ya wagonjwa hao ni vijana wasiotimiza miaka 30. Mnamo mwaka wa 2016 wakala wa utafiti wa saratani ulio chini ya Shirika la Afya Duniani ulitangaza kwamba vinywaji vyenye moto unaozidi nyuzi 65 vinaelekea kuwa chanzo kimojawapo cha saratani hii, nayo hiyo ni habari nzito kwa taifa linalopenda chai ifukayo mvuke. Tumbaku na pombe zilikuwa zimekwisha kushtakiwa na kupatikana na hatia kabla ya hapo. Katika maeneo yaliyoathirika zaidi ni wachache wasiomjua mtu aliyefariki kwa njaa hali chakula kimeandaliwa mbele yake.

Kwa hiyo, mtu akiambiwa kwamba ana uvimbe kwenye umio, hulisikia neno moja tu, hata kama halikutamkwa. Hapo ndipo penye haja ya kulieleza wazi jambo ambalo madaktari wa kifua wanalijua vyema lakini halijatufikia sisi wengine: kuna uvimbe wa umio ambao ni tofauti kabisa na saratani, kwa asili yake, kwa makazi yake na kwa mwenendo wake.

Ulio maarufu zaidi miongoni mwa uvimbe wa namna hiyo huitwa leiomioma. Jina hilo limeundwa kwa Kiyunani: leios ni laini, mys ni msuli, na -oma ni kiambishi tamati ambacho matabibu hukitumia kutajia uvimbe. Msuli laini ni ule unaofanya kazi yake bila kungojea amri ya nia zetu, kama ule wa tumbo na wa mishipa ya damu. Seli za msuli huo zinapozaana taratibu mahali pamoja katika ukuta wa umio, huunda kinundu kigumu cha mviringo chenye mipaka iliyo dhahiri. Uvimbe wa umio ulio nje ya saratani ni nadra ukilinganishwa na saratani yenyewe, lakini takriban theluthi mbili zake ni wa aina hii. Huwapata zaidi watu wenye umri wa kati ya miaka 20 na 50, wanaume kuliko wanawake, na aghalabu hukaa katika sehemu ya kati au ya chini ya umio. Hukua polepole mno, pengine kwa miaka mingi pasipo badiliko la kupimika, na kugeuka kwake kuwa saratani ni jambo la nadra sana. Wengi walio nao hawana dalili yoyote. Ndiyo maana hubainika mtu anapopigwa picha ya kifua kwa sababu nyingine, au anapomezeshwa kamera kutafuta vidonda vya tumbo.

Wasomaji wa kike hawatapata taabu kuelewa ninalolisema. Uvimbe wa kizazi ambao wengi wanaujua kwa jina la fibroidi ni leiomioma pia, tofauti ikiwa kwamba umeota katika msuli laini wa mji wa mimba. Wanawake wengi huishi nao. Baadhi yao hupasuliwa unapowaletea damu nyingi au maumivu. Wengine huwa nao hadi hedhi ikakoma pasipo kujua kwamba walikuwa nao. Fibroidi ina jina, ina masimulizi, ina shangazi na mama wadogo waliokuwa nayo na ambao bado wanalima na kufanya biashara. Jamaa yake akionekana kifuani mwa mtu, nyumba nzima huingia msibani, kwa kuwa hakuna aliyewaambia kwamba hao wawili ni wa ukoo mmoja.

Saratani ya umio iliyoenea kwetu huanzia katika utando wa ndani kabisa, ule unaoguswa na chakula. Huuparuza, huuchimba, na hatimaye huiziba njia. Leiomioma hukaa chini ya utando huo, ndani ya tabaka la msuli, nao utando hupita juu yake ukiwa mzima, mithili ya mkeka uliotandikwa juu ya kokoto. Mgonjwa akinyweshwa bariamu na kupigwa eksirei, kivuli cha uvimbe huu huonekana kikiwa na kingo laini. Akimezeshwa kamera, daktari huona utando usio na kidonda. Panapopatikana kamera yenye ultrasaundi, ambayo kwetu ingali katika hospitali chache, daktari huweza hata kutambua ni tabaka lipi la ukuta wa umio lililokizaa kinundu hicho.

Hapa pana jambo linalowatatiza wagonjwa wengi. Tumezoea kusikia kwamba uvimbe wowote ni sharti ukatwe kipande kikapimwe. Kwa uvimbe wenye sura niliyoieleza, madaktari wengi huepuka kuukata kwa koleo za kamera ya kawaida. Sababu ni mbili: koleo hizo aghalabu hukwangua utando tu bila kuufikia uvimbe wenyewe, tena kovu linalobaki huugandisha utando na uvimbe pamoja, na hivyo kuufanya upasuaji wa baadaye, ukihitajika, kuwa mgumu na wa hatari zaidi. Panapokuwa na shaka, hutumiwa sindano nyembamba inayoongozwa na ultrasaundi, maana uko uvimbe mwingine unaofanana na huu wenye tabia mbaya zaidi, ingawa makazi yake ya kawaida ni tumboni wala si kwenye umio. Mgonjwa asiyefafanuliwa haya huondoka akidhani kwamba amenyimwa kipimo kwa sababu ya umaskini wake.

Uvimbe ulio mdogo na usiosumbua kwa kawaida huachwa, ukaangaliwa baada ya vipindi ambavyo daktari ataviamua. Ukiwa mkubwa, ukiendelea kukua, ukimzuia mtu kumeza au ukileta shaka, huondolewa. Kitenzi cha Kilatini walichokichagua wapasuaji kwa kazi hiyo ni cha mkulima: maana yake ya asili ni kutoa kokwa. Msuli hupasuliwa, uvimbe ukatolewa mzima kama kokwa ya zambarau, nao umio ukabaki mahali pake. Upasuaji wa namna hii ulianza katika miaka ya 1930, na tangu miaka ya 1990 umekuwa ukifanywa pia kwa kupitia matundu madogo ubavuni, bila kukipasua kifua chote.

Huenda msomaji akajiuliza ni lipi lililomleta mwanaisimu katika shamba la madaktari. Aliyenileta ni mzee mmoja wa ukoo wetu, mwalimu mstaafu aliyefundisha Kiingereza katika shule za msingi kwa zaidi ya miaka 30. Alikuwa amekohoa kwa muda mrefu baada ya kuugua nimonia, akatumwa kupigwa picha ya CT ya kifua katika hospitali ambayo sitaitaja. Mapafu yalionekana kuwa yamepona. Karibu na mwisho wa ripoti, hata hivyo, paliandikwa habari za uvimbe wa upana wa sentimita 2 katika ukuta wa umio. Kijana aliyempa bahasha dirishani alimwambia hivi: “Ni uvimbe, Mzee, lakini si saratani. Utaongea na daktari siku uliyoandikiwa.” Siku hiyo ilikuwa wiki sita mbele.

Mwalimu aliniletea bahasha hiyo kwa kuwa katika ukoo wetu daktari ni mimi. Nimekwisha kueleza mara nyingi kwamba udaktari wangu ni wa sauti na maumbo ya maneno, lakini ukoo hauna subira na tofauti hizo.

“Daktari,” aliniambia, “nimeifundisha lugha hii miaka 30, na hakuna neno humu nisiloweza kulitamka. Nisomee hapo paliposema nimebakiza muda gani.”

“Mwalimu,” nikamwambia, “karatasi hii haikusema kwamba unakufa. Inasema kinyume.”

“Kama si saratani,” akauliza, “mbona wameitaja?”

Wakati aliponijia, Mwalimu alikuwa amekwisha kumwita kifungua mimba wake kutoka Eldoret na kumtembeza kwenye mipaka ya shamba. Alikuwa pia ameacha kula ugali. Hakuwa na taabu yoyote ya kumeza. Aliogopa tu kwamba kitu kigumu kingekichokoza kile kilichomo ndani. Kwa wiki tatu alikuwa akiishi kwa uji mtupu, na kwa wiki hizo tatu alikuwa amekonda. Wanawe waliokuja kumjulia hali walipoona alivyokonda, walitazamana kimya wakakubaliana kwamba kijana wa dirishani alimficha mzee ukweli. Kwa maneno mengine, neno lilikuwa limezaa dalili, nayo dalili ikageuka kuwa ushahidi wa neno.

Swali la Mwalimu ni swali la kiisimu, nalo lina jibu. Wanaochunguza matumizi ya lugha wanajua kwamba binadamu hakanushi jambo ambalo hakuna aliyelidhania. Mwambie mtoto wa shule, pasipo kuulizwa, “Baba yako si mwizi,” uone kama atarudi nyumbani akiwa na furaha. Mwite jirani umwambie kwamba kitandani mwake mna nyoka asiye na sumu. Atakuwa amekwisha kuruka kabla hujafika kwenye kikanushi. Tamko “uvimbe usio wa saratani” lina kasoro hiyo hiyo. Kikanushi ni silabi chache nyepesi. Saratani ni neno lenye uzito wa jeneza. Mgonjwa hukabidhiwa yote mawili, akaondoka na lile lililo zito.

Isitoshe, neno uvimbe lenyewe limebebeshwa mzigo kupita kiasi. Limetokana na kitenzi vimba, nasi tunalitumia kwa mguu uliotegukia shimoni, kwa shavu la mwenye jino bovu na kwa kinundu kilichomo kifuani. Mahali padogo tu panatenganisha hali ya kuvimba na kitu kilichoota. Tusijilaumu sana kwa hilo, maana Kilatini nacho kilipita njia hiyo hiyo. Neno tumor, ambalo leo huwatia watu baridi duniani kote, maana yake ya asili ni kuvimba tu. Mrumi Celsus, aliyeandika katika karne ya kwanza, alilitumia kutaja mojawapo ya ishara nne za mahali palipochochewa: wekundu, uvimbe, joto na maumivu. Hata saratani ni neno lenye asili ya kawaida, kwani katika Kiarabu ni kaa wa baharini, kama lilivyo neno la Kilatini ambalo Kiingereza kimelipitisha kwetu likawa kansa. Maneno hayazaliwi yakiwa ya kutisha. Hutishwa na matumizi, na matumizi yanaweza kuongozwa.

Tumuiteje basi mgeni huyu? Nimesikia mapendekezo kadhaa. Wako wasemao “uvimbe usiodhuru”, nalo si kweli daima, kwa kuwa ukiwa mkubwa huweza kumzuia mtu kumeza, na hilo ni dhara. Wako wasemao “uvimbe salama”, ambalo linampa mgonjwa ahadi ambayo daktari mwenyewe hajaitia sahihi, hasa kabla vipimo havijakamilika. “Uvimbe mpole” ni tafsiri ya karibu ya neno la Kiingereza lililotokana na Kilatini kwa maana ya wema, lakini sioni wema wowote katika kitu nisichokialika. Mimi ningependekeza “uvimbe mtulivu”. Sifa hiyo inaeleza mwenendo wa kitu chenyewe: kinakaa mahali pake, hakivamii viungo vya jirani, hakitumi mbegu zake mbali. Tena haijifanyi kuahidi milele, maana kila Mswahili anajua kwamba aliyetulia hutazamwa. Hilo ndilo jina la jumla. Kwa leiomioma hasa, lugha ilikuwa imetuwekea akiba tayari: “kinundu cha msuli wa umio”. Kiambishi ki- kinakipunguza kitu hadi kimo chake halisi, neno msuli linaeleza kilikotoka, na umio unaeleza kiliko. Hakuna kikanushi hata kimoja, na saratani haikualikwa.

Liko pia suala la namna ya kueleza kwamba kitu kimeonekana bila kutafutwa. Husemwa kwamba kimegunduliwa “kwa bahati”. Mgonjwa aambiwaye kwamba kwa bahati wameona uvimbe huelewa kwamba ameponea chupuchupu kwenye jambo baya, ilhali daktari alikusudia kusema tu kwamba halikuwa limetafutwa. Kiswahili kina neno sadfa, lisilo na sherehe wala huzuni ndani yake. Uvimbe umeonekana kwa sadfa, basi.

Wako watakaoniambia kwamba haya ni mchezo wa wasomi, na kwamba mgonjwa anataka dawa, si istilahi. Nawakumbusha habari za UKIMWI. Kwa muda mrefu raia wa kawaida hakuweza kutofautisha kuwa na virusi na kuwa na ugonjwa wenyewe, na kila aliyepatikana na virusi alihesabiwa kuwa maiti inayotembea. Istilahi VVU ilipoenea katika mabango, redioni na vitabuni ikiwa kando ya UKIMWI, watu walipewa chombo cha kusemea tofauti hiyo. Dawa ndizo zilizookoa maisha, wala silipingi hilo. Lakini mtu ambaye hana neno la kuyatofautisha maisha na kifo hana sababu ya kuzifuata hizo dawa.

Aidha, sheria ya nchi iko upande wa mgonjwa. Ibara ya 7 ya Katiba ya mwaka wa 2010 inaitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi. Sheria ya Afya ya mwaka wa 2017, katika kifungu cha 8, inamwagiza mtoa huduma ampashe mgonjwa habari za hali yake, za njia za uchunguzi na tiba zilizopo, pamoja na manufaa, hatari na gharama zake. Inaongeza kwamba, kila inapowezekana, ampashe kwa lugha anayoielewa na kwa namna inayozingatia kiwango chake cha kusoma na kuandika. Sheria haikusema Kiswahili peke yake. Kwa bibi asiyejua lugha nyingine ila Kikipsigis, lugha anayoielewa ni hiyo. Lakini Kiswahili ndicho kitakachowafikia wengi, nacho ndicho kisichokuwa na istilahi hizi katika midomo ya madaktari wetu, waliosomea kazi yao yote kwa Kiingereza.

Najua kwamba daktari mwenye foleni ya wagonjwa 60 hana nafasi ya kutoa mihadhara. Lakini mhadhara hauhitajiki. Siku ya Mwalimu ilipofika, daktari wa kifua alichukua kalamu, akachora mrija nyuma ya bahasha ile ile, akachora kokoto ndani ya ukuta wa mrija, akamwonyesha kwamba njia ya chakula iko wazi. Akamweleza kwamba atapangiwa kamera yenye ultrasaundi ili kuthibitisha, na kwamba mambo yakiwa kama yanavyoonekana, atakuwa akiitwa kuangaliwa. Yote hayo yalichukua kama dakika kumi. Mchana wa siku hiyo Mwalimu alikula ugali kwa nyama katika hoteli iliyo mkabala na lango la hospitali. Wiki sita za njaa na hofu zingeweza kuepukwa kwa dakika kumi zilizotangulizwa.

Ni sharti nitoe tahadhari, nisije nikaeleweka vibaya. Sisemi kwamba anayeambiwa ana uvimbe kwenye umio aitupe bahasha na kwenda zake. Picha moja haitoshi kuhukumu, na utulivu wa uvimbe huthibitishwa na mtaalamu, hauotewi. Wala haya niliyoyaandika hayamhusu mtu ambaye chakula kimeanza kumkwama, kwanza nyama na ugali, halafu wali, halafu uji, huku mwili ukipungua. Huyo asingojee wiki sita wala siku sita, na asipotezewe muda na waganga wa mitishamba. Dalili hizo ndizo za saratani niliyoitaja hapo juu, na kuchelewa ndiko kunakoua. Tofauti baina ya watu hao wawili, yule anayepaswa kutulia na yule anayepaswa kukimbia, ndiyo tofauti ambayo lugha yetu inashindwa kuieleza leo.

Muda umewadia kwa Wizara ya Afya, vyuo vikuu vinavyofunza udaktari na vyama vya Kiswahili kama CHAKITA kuketi meza moja na kuandaa orodha fupi ya istilahi za majibu ya picha, isiyozidi kurasa chache, na kuisambaza katika kila chumba cha kupigia picha nchini. Wanafunzi wa udaktari nao wafunzwe kuitumia kabla ya kuruhusiwa kukaa na wagonjwa. Halafu pawe na kanuni moja rahisi: kila ripoti ya picha, hata ikiandikwa kwa Kiingereza kwa ajili ya madaktari, iambatanishwe na maelezo mafupi kwa ajili ya mwenye mwili. Kwa Mwalimu, maelezo hayo yangeweza kuwa haya:

“Mapafu yako yamepona. Katika ukuta wa umio pameonekana, kwa sadfa, kinundu chenye upana wa sentimita 2. Sura yake ni ya uvimbe mtulivu wa msuli, unaokaa mahali pake. Endelea kula kama kawaida. Daktari wa kifua atakuona ili kuthibitisha. Ukianza kupata taabu ya kumeza kabla ya siku hiyo, njoo upesi.”

Hayo ni maneno yasiyozidi 55. Yangechapishwa kwenye karatasi ile ile, kwa wino ule ule, na kijana wa dirishani asingehitaji kusema lolote zaidi ya kumtakia mzee safari njema.